Je, Wajua? Kovu Lililofanya Gitaa Liwe Ghali

Je, wajua kuwa kulipaka rangi upya gitaa la umeme la miaka ya 1950 ni njia ya haraka ya kulishusha bei? Wanunuzi wengi hukata karibu nusu wakigundua kwamba vanishi ya kiwandani imebanduliwa, hata fundi aliyeirudishia awe stadi namna gani. Nyufa za vanishi, kutu ya skrubu, mbao iliyolika pale kiwiko kinapoegemea: vyote huachwa vilivyo.

Ndiyo maana ukaguzi wake ni wa kipelelezi. Taa huzimwa, gitaa likamulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Vanishi ya zamani hung'aa, na palipoguswa baadaye hujitokeza kama kiraka. Kisha hufunguliwa kifuniko. Vidhibiti vya sauti vina namba: 304 ni kampuni ya Stackpole, 137 ni CTS, na tarakimu zinazofuata hutaja mwaka na wiki. Kwa hiyo 3046612 ni kidhibiti cha wiki ya 12 ya mwaka 1966. Kama mwaka wa kidhibiti unalingana na wa gitaa, na lehemu nayo ni ileile ya kiwandani, muuzaji anatabasamu.

Je, wajua kuwa gitaa linalowindwa kuliko mengi lilikosa wateja lilipokuwa jipya? Kampuni ya Gibson ilitengeneza Les Paul Standard yenye rangi ya machweo kati ya 1958 na 1960, ikaachana na umbo hilo kwa sababu halikuuzika. Leo moja hugharimu mamia ya maelfu ya dola. Rangi nyekundu iliyotumika haikuvumilia jua: magitaa mengine yamebaki na rangi ya asali, mengine ya chai, mengine ya ndimu, na wakusanyaji huzigombania rangi hizo zilizopauka.

Lakini hapa ndipo sheria ya "usiguse" inapovunjika, tena na wale wale wanaoihubiri. Mpiga gitaa Eric Clapton alinunua Stratocaster kadhaa kuukuu za kampuni ya Fender huko Nashville mwaka 1970, akawagawia rafiki zake baadhi, kisha akachukua vipande bora vya tatu zilizobaki na kuunda moja: Blackie. Kwa kanuni za wakusanyaji, huyo ni chotara asiye na cheti. Mwaka 2004 iliuzwa New York kwa dola 959,500.

Gitaa jeusi la David Gilmour wa Pink Floyd liliteswa zaidi. Lilinunuliwa mwaka 1970, na kwa miaka mingi likawa kama maabara yake: shingo ilibadilishwa mara kadhaa, vinasa sauti vikang'olewa na kuwekwa vingine, swichi ndogo ikaongezwa. Miaka ya 1980 mbao yake ilichongwa ili kupisha mtambo mwingine wa kutetemesha nyuzi, halafu shimo hilo likazibwa. Gitaa la mtu asiyejulikana lenye historia kama hiyo lingeuzwa kwa bei ya vipuri. Hili liliuzwa Juni 2019 kwa dola 3,975,000, rekodi ya mnada kwa gitaa lolote hadi siku ile, na fedha zikaenda kwa ClientEarth, shirika linalotetea mazingira mahakamani.

Ajabu ninayoipenda mimi ni ya Les Paul ya 1959 iliyokuwa ya mpiga gitaa Peter Green. Ndani ya kinasa sauti kimoja sumaku imekaa kinyume, hivyo vinasa viwili vikifanya kazi pamoja, sauti hutoka nyembamba na yenye kilio cha puani. Fundi mwangalifu angelirekebisha. Baadaye gitaa hilo likawa la Gary Moore, na sasa ni la Kirk Hammett wa Metallica.

Je, wajua kuwa mengi ya magitaa ya zamani yana ndugu wa mpingo shingoni? Mbao ya Brazili iliyotumika enzi hizo ni ya jenasi ya Dalbergia, ileile ya mpingo wa Tanzania. Tangu 1992 biashara yake ya kimataifa imebanwa vikali chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo mwenye gitaa la mamilioni anaweza kukwama forodhani kwa kukosa karatasi.

Asiyezimudu bei hizo ana njia nyingine. Tangu miaka ya 1990 karakana maalumu ya Fender huuza magitaa mapya yaliyokwaruzwa na kutiwa kutu kwa makusudi, na mnunuzi hulipia mikwaruzo hiyo zaidi ya anayetaka gitaa safi.