Uchaguzi wa Siku Moja, Matokeo ya Maisha Yote: Tafakari kutoka Rwamgasa

Tangu mwanadamu anapoamka hadi anapolala, anachagua. Anachagua aamke saa ngapi, avae nini, apite njia ipi kwenda shambani, amsalimie nani kwanza. Sehemu kubwa ya uchaguzi wa namna hii hupita bila kuacha alama, na ni vema iwe hivyo, kwa maana mtu ambaye angeketi kupima kila jambo dogo kwenye mizani asingefika hata kanisani kwa wakati. Walezi wa maisha ya kiroho wamewaonya tangu zamani wale wenye dhamiri ya wasiwasi uliopita kiasi, wanaoona dhambi hata pale ambapo hapana. Mwenyezi Mungu hakutuumba ili tuogope kuchagua kati ya ugali na viazi.

Lakini yapo maamuzi ya aina nyingine. Kufunga ndoa, kuitikia wito wa upadre au utawa, kuacha shule, kuuza shamba la urithi, kuhama na familia kwenda mahali pageni: haya hubadili mkondo wa maisha, na mara nyingi si ya mwamuzi peke yake bali pia ya wale watakaozaliwa baada yake. Kama tungeweza kuyatambua yote kwa sura zake, kazi yetu ingekuwa nyepesi. Ugumu ni kwamba maamuzi mazito mengi huja yamevaa nguo za siku ya kawaida. Hayabishi hodi. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuitafakari mada hii si kwa maneno ya jumla tu, bali kwa kutazama mahali tunapopafahamu: Rwamgasa, huku kwetu Geita.

Rwamgasa ipo kusini magharibi mwa mji wa Geita, na kwa miaka mingi maisha yake yamefungamana na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Waamini wetu wengi wa ukanda huu ni wakulima na wafugaji ambao jembe lao la pili ni sululu. Wengine wamefika kutoka mbali kwa kufuata rashi, yaani habari kwamba dhahabu imeonekana mahali fulani. Hatuandiki ili kuwalaumu. Uchimbaji ni kazi halali, umesomesha watoto na kujenga nyumba, na mkono unaoshika moko ni mkono uleule unaotoa sadaka Jumapili.

Tutazame hatua moja ya kazi hiyo. Mawe yakishatolewa kwenye duara na kusagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa kwenye mwalo ili mchanga mzito wenye dhahabu ubaki. Mchanga huo huchanganywa na zebaki kwenye beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu, na zebaki huikamata dhahabu hadi kuwa donge. Kisha donge huwekwa motoni. Zebaki huchemka katika nyuzijoto 357 hivi, ilhali dhahabu haiyeyuki hadi ipite nyuzijoto 1,000. Hivyo zebaki huondoka kama mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna harufu. Anayeuvuta hakohoi kama anayevuta moshi wa kuni mbichi, na kesho yake huamka mzima na kwenda kazini. Ndiyo maana kuchoma donge jikoni, watoto wakiwa wamekaa karibu wakisubiri uji, huonekana kuwa uchaguzi mdogo wa jioni moja.

Si mdogo. Mvuke wa zebaki hupita kwenye mapafu na kuingia katika damu, ukaathiri ubongo na figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hufifia. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Rwamgasa ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyochunguzwa na mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, katika nchi sita: Brazil, Indonesia, Laos, Sudan, Tanzania na Zimbabwe. Madaktari waliwapima wachimbaji wa Rwamgasa wakiwalinganisha na wakazi wa Katoro, na dalili za kuathirika na zebaki walizikuta kwa watu wa machimboni, hasa wale ambao kazi yao ni kuchoma. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyewahi kuamka siku moja akaamua kuharibu mishipa yake ya fahamu. Kila mmoja aliamua tu kuchoma donge la siku hiyo.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 uligunduliwa ugonjwa uliotokana na zebaki ambayo kiwanda kilikuwa kikiitiririsha baharini. Samaki waliibeba, watu wakala samaki, na watoto wakazaliwa na ulemavu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la mji huo. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliitaja kwa jina zebaki inayoachwa na uchimbaji wa dhahabu. Mchimbaji wa Rwamgasa anaweza kudhani kwamba nyaraka za Kanisa huandikwa kwa ajili ya watu wa mbali. Hapo aliandikiwa yeye.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano wa mtu aliyeingia katika jambo kubwa kwa hatua ndogondogo, naye ni Lutu, mwana wa nduguye Abrahamu. Wachungaji wao walipogombana kwa sababu ya malisho, Abrahamu alimpa Lutu nafasi ya kuchagua kwanza. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, kinasimulia kwamba Lutu aliinua macho akaona bonde la Yordani lenye maji tele, akalichagua. Kwa mfugaji huo ulikuwa uchaguzi wa busara. Mfugaji yeyote wa huku kwetu angefanya vivyo hivyo. Akapiga hema zake kuelekea Sodoma. Kuelekea tu. Tukifungua sura ya 14, tunamkuta anakaa ndani ya Sodoma, naye anatekwa pamoja na mali yake. Tukifika sura ya 19, ameketi langoni pa mji, mahali wanapoketi wenyeji. Maandiko hayatusimulii siku ambayo Lutu aliamua kuwa mtu wa Sodoma. Sisi tunaamini haikuwapo. Aliitazama nyasi, na yaliyobaki yakafuata.

Ndivyo inavyokuwa kwa kijana anayeacha shule. Ni mara chache tunamwona mtoto wa miaka 14 akitangaza mbele ya wazazi kwamba elimu yake imekwisha. Huanza kwa Jumamosi moja ya kubeba maji mwaloni, akapata fedha za daftari, na wazazi wakashukuru. Kisha Ijumaa huongezwa. Kisha ni wiki nzima, kwa kuwa rashi imetokea na hakuna ajuaye itadumu hadi lini. Mwalimu huita jina lake kila asubuhi, na siku moja huacha kuliita. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza asifanye kazi za hatari, uchimbaji wa madini ukiwamo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, Geita ikiwa miongoni mwa maeneo lililoyatembelea. Tunasema wazi kwamba mzazi asiyekubali wala kukataa ameamua. Kunyamaza kwake ndiko kulikosaini.

Mfano mwingine tunaukuta katika maisha ya ndoa. Katika vijiji vya machimbo ni jambo la kawaida kijana na binti kuanza kuishi pamoja ili kupunguza gharama za kodi na chakula, kila mmoja akijiambia kuwa watazungumza mambo ya Kanisa duara likitema. Mtoto anazaliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inasema kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira ya kuwafanya waonekane kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Hiyo ni dhana ya kisheria, si sakramenti. Mintarafu ndoa, Kanisa linadai neno la hiari linalotamkwa na wawili hao kwa uelewa kamili. Lakini ni jambo la kushangaza kidogo kwamba sheria ya nchi imeona kile ambacho wahusika wenyewe hawajakiona, kwamba wamekwisha kuingia mahali ambapo si rahisi kutoka bila mtu kuumia. Kwa walio katika hali hiyo, mlango wa paroko hauna kufuli, na katekista wa kigango anajua pa kuanzia.

Tufanyeje basi ili tuutambue uamuzi mzito kabla haujatupita? Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, anatenganisha mambo ambayo mtu akishayachagua hayawezi kutenguliwa, kama ndoa na upadre, na yale ambayo yanaweza kubadilishwa. Tunaona kwamba swali hilo ndilo la kwanza kujiuliza: je, jambo hili likienda vibaya, naweza kulirudisha? Duara lililochimbwa pasipo na mali linaweza kuachwa na mtu akaanza jingine. Ubongo wa mtoto hauna duara la pili. Tena ni lazima tujiulize ni nani atakayebeba mzigo, kwa sababu wepesi wa uamuzi mara nyingi hutokana na kwamba mzigo wake utabebwa na mwingine. Wahenga walilijua hilo waliposema mchuma janga hula na wa kwao.

Mtakatifu Inyasi anashauri pia tusibadili uamuzi mwema tulioufanya wakati wa utulivu kwa sababu tu roho imeingia giza na ukavu. Tungependa wachimbaji waliambatanishe shauri hilo na hali yao. Yapo majuma ambayo mawe hayatoi kitu, deni la mfadhili linakua, na mtu anaona heri auze shamba, au amwoze binti, au amtoe kijana shuleni. Huo ndio wakati usiofaa kuamua. Na pale inapobidi kuamua, mtakatifu huyo anapendekeza mtu ajiwazie anamshauri mgeni ambaye hajawahi kumwona, akimtakia mema tupu. Halafu afanye mwenyewe kile ambacho angemshauri mgeni huyo. Tumeona shauri hili likifanya kazi katika Jumuiya Ndogondogo. Muulize mzazi kama angemshauri jirani yake achome zebaki penye watoto, naye atakataa kabla hujamaliza swali.

Hata hivyo tusidhani kwamba siku ya uamuzi mkubwa mtu huwa mpya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba fadhila hukomaa kwa matendo yanayorudiwa, na kwamba dhambi nayo ikirudiwa huzaa kilema. Aliyezoea kupunguza kidogo kwenye mizani ya mwenzake hatakuwa na nguvu ya kukataa siku atakapopewa rushwa ya kufumba macho duara likiwa na ufa. Kwa maana hii uchaguzi mdogo, ambao mwanzoni tulisema hupita bila alama, huacha alama moja: unatuumba sisi tutakaochagua kesho.

Hapa tunapaswa kugusa jambo gumu. Wapo watakaosoma haya wakiwa wamekwisha kuchagua vibaya, tena zamani. Kwa Sakramenti ya Kitubio Mungu anasamehe kweli, bila kubakiza. Lakini Katekisimu ileile inatukumbusha kwamba ondoleo la dhambi haliponyi madhara yote yaliyosababishwa na dhambi hiyo, na kwamba mwenye kutubu anapaswa kutengeneza kile kinachoweza kutengenezeka. Zakayo, katika Injili ya Luka sura ya 19, hakuishia kufurahia ugeni wa Yesu. Alisimama akaahidi kurudisha mara nne. Mzazi aliyemtoa mtoto shuleni anaweza asimrudishie miaka yake, lakini anaweza kumtafutia ufundi au elimu ya watu wazima, na mdogo wake akabaki darasani.

Kuhusu zebaki, yapo ya kutengeneza leo. Kipo chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupozea mvuke, kiitwacho retoti. Hukamata zebaki irudi kuwa majimaji na kutumika tena, hivyo huokoa afya na fedha pia. Asiye nacho achome mbali na nyumba, mahali pa wazi, asimame upande upepo unakotoka, na kikaango cha kazi hiyo kisirudi jikoni kamwe. Wajawazito na watoto wasiwepo kabisa. Nguo za mwaloni zisifuliwe pamoja na za mtoto. Na yule ambaye mikono yake imeanza kutetemeka aende kituo cha afya, amweleze mganga waziwazi kwamba amekuwa akichoma zebaki, na kwa miaka mingapi. Asipoulizwa, aseme mwenyewe.