Mwanafunzi wa Utawala wa Umma Katika Ofisi ya Wadi: Kazi Yake, Mipaka Yake na Manufaa kwa Mkazi

Kila mwaka, hasa kati ya Mei na Agosti, mkazi anayeingia katika ofisi ya msimamizi wa wadi au ya kaunti ndogo huweza kupokewa na sura ngeni: kijana mwenye beji ya chuo, daftari mkononi, akiuliza jina, kijiji na shida iliyomleta mgeni. Baadhi ya wakazi huondoka wakidhani wamehudumiwa na karani mpya. Wengine hukataa kusema lolote mpaka mwenye ofisi arudi.

Kijana huyo ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliye katika mafunzo ya nyanjani. Hajaajiriwa na kaunti, lakini pia hakuja kutazama tu. Mkazi anayejua kazi yake na mipaka yake anaweza kutoka ofisini na ombi lililoandikwa vizuri, likiwa limefika mahali panapostahili na kwa wakati. Asiyejua anaweza kupoteza mwaka mzima.

Kwa nini chuo humtuma nje

Utawala wa umma ni somo linalohusu jinsi serikali inavyopanga, inavyotenga fedha, inavyoajiri na inavyowahudumia watu wake. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara ya sayansi ya siasa na utawala wa umma, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya sera na utawala wa umma. Vyuo vilivyo karibu zaidi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kisii kilichopewa hati yake Februari 2013, navyo huwatuma wanafunzi wa masomo mbalimbali katika ofisi za umma.

Darasani, mwanafunzi husoma Katiba ya 2010. Husoma kifungu cha 10 kinachotaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa, na kifungu cha 232 kinachoeleza maadili ya utumishi wa umma. Lakini kuna mambo yasiyopatikana vitabuni: jinsi ya kumsikiliza mama aliyetembea saa moja kuja kulalamikia daraja, au jinsi ya kueleza makadirio ya bajeti kwa Ekegusii katika kikao chini ya mti. Hayo hujifunzwa kazini.

Kwa kawaida mafunzo hayo huchukua miezi miwili hadi mitatu. Mwanafunzi huja na barua ya chuo na bima, hupangiwa afisa wa kumsimamia, na huandika kila siku kazi aliyofanya katika kitabu cha kumbukumbu. Mhadhiri humtembelea kumkagua, na mwishoni huandika ripoti inayotiwa alama. Mafunzo ya aina hii nchini huratibiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA.

Mwanafunzi huyu asichanganywe na mwanagenzi. Mwanagenzi amekwisha kuhitimu na anatafuta uzoefu kabla ya ajira. Mpango wa uanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa mfano, huwachukua waliohitimu kwa muda wa miezi 12.

Wadi moja, watu wengi

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kisii ina wadi 45 na Nyamira ina wadi 20. Ukigawanya, kila wadi ina wastani wa takriban watu 28,000 hadi 30,000, na kila wadi ina msimamizi mmoja.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kaunti kuwapa wakazi habari, elimu ya uraia na nafasi ya kutoa maoni yao kabla ya maamuzi kufanywa. Ni kazi kubwa kwa watumishi wachache. Hapa ndipo mwanafunzi anapofaa: kuorodhesha wanaohudhuria vikao, kuandika maoni, kuyapanga kulingana na idara, kueleza hati za serikali kwa lugha nyepesi, na kufuatilia iwapo barua iliyoletwa imefika kwa afisa anayehusika.

Miezi ileile mipango inapoandikwa

Msimu wa mafunzo hukutana na wakati muhimu katika kalenda ya kaunti. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Hati ya mkakati wa fedha hufuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1.

Maana yake ni kwamba mradi unaotarajiwa kujengwa katika mwaka wa fedha wa 2026/27 ulihitaji kuwa katika mpango uliowasilishwa kufikia Septemba 1, 2025. Aidha, Sheria ya Serikali za Kaunti hairuhusu fedha za umma kutengewa jambo lililo nje ya mipango. Mkazi anayeleta ombi lake Mei, bajeti ikiwa tayari mbele ya Bunge, mara nyingi huambiwa asubiri. Huenda akaona amepuuzwa, kumbe amechelewa kwa miezi minane.

Kwa sababu hiyo, Juni, Julai na Agosti ni miezi ya mkazi kupeleka maombi ya mradi mpya, na ndiyo miezi ambayo wanafunzi wengi wako ofisini.

Ombi moja, njia mbili

Tuchukue mfano wa kijiji kinachotegemea chemchemi moja. Mifugo hunywa hapohapo watu wanapochota maji, na mvua ikinyesha maji huwa tope. Mwakilishi wa kijiji anasimama katika kikao na kusema, "Sisi tunataka maji." Karani anaandika neno "maji". Katika orodha ya wadi nzima, neno hilo linakaa pamoja na maombi mengine mengi ya maji, na afisa wa mipango hawezi kujua ni wapi, ni watu wangapi, wala ni kazi gani inayohitajika.

Kijiji hichohicho kinaweza kukaa na mwanafunzi kwa nusu saa kabla ya kikao. Mwanafunzi anauliza jina la chemchemi na la kijiji, idadi ya boma zinazoitumia, kama kuna shule au zahanati karibu, na kama wanahitaji kuijengea tu au kuvuta mabomba. Kisha anauliza swali ambalo huku Gusii ndilo hukwamisha miradi mingi: chemchemi iko katika shamba la nani, na je, mwenyewe amekubali kwa maandishi? Ardhi yetu ni vipande vidogo vyenye wenyewe, na mradi wa umma hauwezi kuingia katika shamba la mtu bila idhini.

Majibu hayo yakiandikwa katika ukurasa mmoja, yakatiwa sahihi na wawakilishi na kugongwa muhuri wa kupokelewa, ombi linakuwa na uzito. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba litapewa fedha, kwa kuwa maombi huzidi fedha kila mwaka. Lakini likikataliwa, kijiji kinaweza kuuliza sababu na kulileta tena mwaka unaofuata bila kuanza upya.

Mwanafunzi naye anapata funzo ambalo hakuna mtihani utakaompa. Anajua kwamba kila mstari wa bajeti una watu nyuma yake.

Mlango wa serikali gani?

Shida nyingine ni kubisha mlango usiofaa. Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti. Madarasa ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, zahanati na vituo vya afya, maji na barabara za kaunti ni kazi za kaunti. Shule za msingi na za upili, polisi na barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa.

Mzazi anayetaka darasa la shule ya upili lijengwe atapoteza muda akiliomba katika kikao cha bajeti ya kaunti. Kadhalika mfanyabiashara wa Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti hizi mbili, anahitaji kujua kwanza kibanda chake kiko upande upi kabla ya kupeleka malalamiko. Mwanafunzi wa utawala wa umma amesomea mgawanyo huu, na kumwelekeza mkazi panapofaa ni huduma anayoweza kuitoa tangu siku ya kwanza.

Anachoweza na asichoweza

Mwanafunzi anaweza kueleza, kuandika, kutafsiri, kupanga na kufuatilia. Hawezi kuidhinisha leseni, kutia sahihi kwa niaba ya afisa, wala kuahidi mradi au ajira. Hapaswi kupokea fedha yoyote kutoka kwa mkazi, iwe mkononi au kwa simu. Anayeombwa pesa aripoti mara moja kwa msimamizi wa ofisi.

Habari anazoandika ni za watu halisi: majina, nambari za vitambulisho, magonjwa, migogoro ya familia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda. Mwanafunzi hapaswi kuzipiga picha kwa simu yake wala kuzitumia katika ripoti ya chuo kwa namna inayomtambulisha mkazi.

Kwa upande wa ofisi, mwanafunzi anayeachiwa kazi ya kutoa nakala na kutumwa chai kwa miezi mitatu hajifunzi kitu, na wananchi hawapati faida yake. Anayesimamia mwanafunzi anapaswa kumpa kazi yenye mwanzo na mwisho, kwa mfano kuorodhesha maombi yote ya maji katika wadi, na kuikagua.

Kuna jambo moja la kuangaliwa zaidi. Mwanafunzi huondoka. Ombi lililokabidhiwa kijana mwezi wa Julai linaweza kubaki bila mwenyewe Septemba. Dawa yake ni rahisi: mkazi aandike jina la afisa wa kudumu anayesimamia ofisi hiyo, abaki na nakala yenye muhuri, na aulize ombi limeingizwa katika rejista ipi.

Wahadhiri na watafiti

Wanafunzi wa shahada za juu na wahadhiri nao hufika vijijini kuhoji watu kuhusu huduma za kaunti. Mtafiti anahitaji kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI. Mkazi ana haki ya kuuliza kibali hicho, kueleza au kukataa kueleza, na kuuliza matokeo yatarudishwa vipi kwa waliohojiwa.

Wasomi wa Kiafrika walio ng'ambo pia wana njia ya kuchangia. Mpango wa ufadhili wa Carnegie kwa wasomi wa Kiafrika walio Marekani na Kanada, ulioanzishwa 2013, umewaleta katika vyuo vya nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, kwa siku 14 hadi 90 kufundisha, kufanya utafiti na kuwaelekeza wanafunzi.

Wazo lenye mizizi

Kuunganisha mafunzo ya utawala na maisha ya kijijini si jambo geni Afrika Mashariki. Kabete, mahali ambapo Shule ya Jeanes ilianza 1925 kuwafunza walimu wa kuendeleza vijiji, ndipo ilipoanzishwa Taasisi ya Utawala ya Kenya mwaka 1961. Leo taasisi hiyo ni Chuo cha Serikali cha Kenya. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Mzumbe kilianza 1953 kama shule ya serikali za mitaa, kikiwafunza machifu, makarani na madiwani, kabla ya kuwa chuo kikuu 2001.

Huku kwetu, wazee wanakumbuka egesangio, kundi la majirani waliolimiana mashamba kwa zamu. Kila mmoja alitoa mikono yake na kila mmoja alipata zamu yake. Mwanafunzi na wadi wanaweza kufanya vivyo hivyo: yeye anatoa elimu yake, wadi inampa uzoefu.

Ushauri kwa wakazi

Mkazi anayekwenda ofisini na kumkuta mwanafunzi anashauriwa:

• Aulize jina lake, chuo chake, na jina la afisa anayemsimamia.

• Aje na maelezo kamili ya ombi: kijiji, mahali, idadi ya watakaofaidika na idhini ya mwenye shamba inapohitajika.

• Alete maombi ya miradi mipya Juni hadi Agosti, na maoni kuhusu makadirio ya bajeti vikao vinapotangazwa mapema mwakani.

• Asitoe pesa kwa huduma ya kuandikiwa au kuelezwa.

• Achukue nakala iliyogongwa muhuri na kuihifadhi.

Anayetaka kujua ombi lake limefikia wapi anaweza kutumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi la habari linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyeweza kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa kuliandika na kupewa nakala. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Asiporidhika, anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huijua kama Ofisi ya Ombudsman.

Wazazi walio na watoto vyuoni wawahimize waombe nafasi za mafunzo mapema, miezi kadhaa kabla ya muhula kufungwa, wakiambatisha barua ya chuo, nakala ya kitambulisho na bima. Nafasi katika ofisi za wadi hazina mvuto wa ofisi za mjini, lakini huko ndiko mwanafunzi atakutana na watu ambao serikali ya kaunti iliundwa kuwahudumia.