Penseli, Wembe na Ua la Gugu Maji

Mtanzania yeyote aliyesoma sekondari amewahi kuchora ua. Pengine amesahau lilikuwa ua gani, lakini masharti anayakumbuka: penseli ichongwe vizuri, mstari uwe mmoja usiokatikakatika, kivuli kisipakwe, mistari ya kuonyesha sehemu ipigwe kwa rula na isipishane, na mchoro uwe na kichwa chake. Nilifundisha Baiolojia miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Buzuruga, Mwanza, nikasahihisha maua ya penseli usiku hadi usiku. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema kuchora mimea ni starehe ya watu wa Ulaya wenye bustani, nashindwa kukubali. Kazi hiyo imo kwenye mkoba wa kila mwanafunzi anayegombea daladala hapa stendi asubuhi.

Mchoraji wa mimea hachori ua ili lipendeze ukutani, ingawa mara nyingi linapendeza. Anachora ili mtu aliye mbali, ambaye hajawahi kuuona mmea huo, siku akiukuta autambue bila kubahatisha. Jirani yangu ni fundi wa mabango, kijana hodari, ndiye aliyechora mawaridi kwenye saluni nyingi za barabara hii ya Musoma. Mawaridi yake yanavutia wateja. Ukimuuliza waridi lina petali ngapi, au miiba yake imeelekea juu au chini, atakuambia hayo hayamhusu, na kweli hayamhusu. Kwa mchoraji wa mimea, maswali hayo ndiyo kazi yenyewe. Akizidisha stameni moja tu, amechora mmea ambao haupo duniani.

Vijana wanaokuja kwangu Jumamosi kujifunza, huwa naanza nao na gugu maji. Wazazi wengine wanashangaa. Gugu maji tumelichukia tangu lilipoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980: lilifunga mialo, likanasa nyavu, likaziba mabomba ya kuvutia maji, likawaficha mbu na konokono karibu na makazi ya watu. Miaka ya 1990 ilibidi nchi za ziwa hili zilete fukusi wa jamii ya Neochetina, wenye asili ya Amerika ya Kusini, lilikotoka gugu lenyewe, wafugwe na kuachiwa majini walitafune. Lakini ni mmea unaopatikana bure, na ua lake ni mwalimu mzuri kuliko hibiskasi ya uani.

Ukilitaka ua hilo, uwahi. Linafunguka jua likichomoza, jioni linanyauka, kisha bua lake linapinda na kuinamia majini. Nashuka Mwaloni, Kirumba, asubuhi wakati dagaa wanapakuliwa, na ndoo yangu ndogo yenye maji. Kijana mmoja wa pale aliniona nikichagua, akauliza, "Mama, hayo unayapeleka wapi?" Nikamwambia nakwenda kuyachora. Akacheka, akaingia majini mwenyewe akanitafutia lenye maua mengi zaidi, akalishika kwa mikono miwili lisivunjike.

Tukifika nyumbani tunahesabu kwanza. Penseli haiguswi. Vipande vya ua ni sita, rangi ya zambarau hafifu, na kile cha juu kina baka la zambarau iliyokolea, katikati yake doa la njano linalomwonyesha nyuki pa kutua. Kisha ua linapasuliwa kwa wembe, kwa urefu, kuanzia mdomoni hadi kwenye ovari. Ndani mna stameni sita ambazo hazilingani: tatu fupi zimejificha ndani ya shingo ya ua, tatu ndefu zimechomoza nje. Pistili imesimama kati ya makundi hayo mawili. Mwanafunzi anapima kwa rula na kuandika milimita.

Hapo ndipo penseli inapokuwa chombo cha sayansi. Kwao Amerika ya Kusini, gugu maji lina maua ya namna tatu: yenye pistili ndefu, ya kati na fupi. Nje ya kwao, sehemu nyingi duniani, inaonekana zaidi ile ya kati, kwa sababu wavamizi walitokana na mimea michache iliyosafirishwa kwa ajili ya uzuri wake, kisha ikajizidisha kwa vikonyo vinavyotambaa majini na kuchipua mimea mipya. Mtoto wa Buzuruga aliyechora kimo cha pistili kwa uaminifu ameshika ushahidi wa safari hiyo yote. Aliyechora ua "kama ua" hana kitu.

Baada ya ua tunakata kikonyo cha jani, kile kilichovimba. Ndani ni vyumba vidogo vya hewa, na ndivyo vinavyolifanya gugu lielee. Mizizi inaning'inia chini kama manyoya, nyeusi yenye zambarau, na kila mwanafunzi anataka kuikwepa kwa sababu inachosha. Siwaruhusu. Karatasi ikikamilika ina mmea mzima kwa nusu ya ukubwa wake, ua kwa ukubwa wake halisi, ua lililopasuliwa likiwa limekuzwa mara mbili, na pembeni kipimo cha sentimita ili msomaji asidanganyike. Penseli inafuatwa na wino, na anayeweza anaongeza rangi za maji. Mng'ao wa jani haupakwi rangi nyeupe. Unaachwa, karatasi yenyewe ndiyo inayong'aa. Masalia ya gugu nayakausha juani na kuyachoma, maana kipande kimoja kikiangukia mtaroni kinaanza maisha upya.

"Madam, si tupige picha tu?" Swali hili haliishi, na ni swali la haki. Picha za simu zina kazi yake, nami nazitumia kukumbuka rangi ua likishanyauka. Lakini picha inachukua mmea mmoja, kwa dakika moja, pamoja na jani lililotobolewa na fukusi na kivuli cha mkono wa mpigaji. Mchoraji anatazama mimea mingi, anajua lipi ni umbile la aina hiyo na lipi ni jeraha la mmea huo mmoja. Anaweza kuweka chipukizi, ua, tunda na mbegu kwenye ukurasa mmoja, hata kama baina ya ua na mbegu imepita miezi. Hadi leo wataalamu wanapotangaza aina mpya ya mmea, mara nyingi tangazo hilo linakuja na mchoro wa wino mweusi.

Mimea ya ziwa letu ilianza kuchorwa zamani. John Hanning Speke alifika Mwanza Agosti 1858 na kulipa ziwa jina la malkia wake. Aliporudi katika safari ya 1860 hadi 1863 alikuja na James Augustus Grant, na huyu Grant ndiye ninayemthamini zaidi. Kule Karagwe, kwa Mkama Rumanyika, Grant alishikwa na ugonjwa mbaya wa mguu, akabaki miezi kadhaa huku mwenzake akitangulia Buganda. Safari yake ilizaa mzigo wa mimea iliyokaushwa na michoro ya rangi za maji ya watu, nchi na viumbe alivyoviona. Mimea ilichambuliwa kwenye bustani ya Kew, London, na kati ya 1872 na 1875 chama cha Linnean Society kikachapisha matokeo pamoja na michoro ya Walter Hood Fitch.

Fitch alikuwa amejifunza kazi Glasgow, akichora nakshi za vitambaa vya pamba, kabla ya kuchukuliwa na wataalamu wa mimea. Mimea ya huku aliipokea ikiwa imekauka na kubanwa bapa, rangi imepotea, naye akairudishia unene na mkunjo wa majani kwa sababu maumbo ya mimea alikuwa ameyazoea. Michoro yake iliyochapishwa inakaribia 10,000. Mwaka 1877 aliacha kulichorea jarida la Curtis's Botanical Magazine, lililoanzishwa 1787, kwa ugomvi wa malipo. Nakitaja kisa hicho kwa makusudi: jina la mtaalamu aliyeupa mmea jina hubaki likiandikwa nyuma ya mmea huo daima, na la aliyeuchora linatafutwa kwa herufi ndogo pembeni mwa ukurasa. Mtu aliyeutazama mmea kwa muda mrefu kuliko wote alistahili zaidi ya hapo.

Jarida hilohilo mwaka 1895 lilitoa mchoro wa ua dogo la zambarau la Usambara, Saintpaulia, ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa amelipeleka kwao miaka michache kabla. Leo linauzwa kwenye vyungu madukani dunia nzima, na porini kwao, kwenye miamba yenye kivuli, misitu inazidi kupungua.

Wajerumani nao walikusanya kwa bidii. Franz Stuhlmann alizunguka ukanda huu wa ziwa na Emin Pasha kuanzia 1890, na mimea yake ikaenda Berlin. Huko Adolf Engler aliisimamia kazi ya kuiainisha, na Joseph Pohl akachora maelfu ya michoro kwa ajili ya vitabu vyake. Kisha ikaja vita. Usiku wa Machi 1, 1943, mabomu yaliiunguza hebaria ya Berlin, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, na sehemu kubwa ya mamilioni ya sampuli zake ikateketea. Miongoni mwake zilikuwamo zile sampuli za kwanza kabisa, ambazo mtaalamu anazirejea akitaka kuhakikisha jina la mmea. Kwa baadhi ya mimea ya Tanganyika, kilichosalia cha sampuli hiyo ya kwanza ni maelezo ya kitabuni na mchoro. Vitabu vilikuwa vimekwisha kusambaa kwenye maktaba za nchi nyingine, moto haukuvifikia. Nikiwaeleza vijana kisa hiki, wanaacha kuuliza kwa nini nawahesabisha stameni.

Katika Afrika Mashariki, mchoraji wa mimea aliyejulikana kuliko wote watu wanamjua kwa simba. Joy Adamson, mlezi wa Elsa, alizaliwa 1910 katika himaya ya Austria na kufika Kenya 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea wa makumbusho ya Nairobi, na ndiye aliyempa jina la Joy. Mwaka 1938 walikwenda na msafara wa makumbusho kwenye milima ya Chyulu, na huko akaanza kuchora maua ambayo mumewe alikuwa akiyakusanya. Alichora mamia. Mwaka 1947 chama cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kilimpa medali ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo, miaka 13 kabla ya kitabu cha Elsa kutoka. Michoro yake mingi imehifadhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Msomaji ukifika Nairobi, omba uonyeshwe maua. Ukisimama mbele yake utaona mkono wa mtu aliyekaa chini, udongoni, macho yakiwa sawa na mmea.

Kazi kubwa zaidi haina jina moja maarufu. Kuanzia 1952 hadi 2012, wataalamu wakiongozwa na Kew walitoa, kijitabu baada ya kijitabu, orodha kamili ya mimea ya pori ya Tanzania, Kenya na Uganda, zaidi ya aina 12,000, na michoro ya wino ndani yake. Ni hazina, lakini imeandikwa kwa wataalamu. Ninachokiweka mezani Jumamosi ni kitabu cha 1994 cha miti na vichaka vyenye manufaa Tanzania, cha L. P. Mbuya, H. P. Msanga, C. K. Ruffo, Ann Birnie na Bo Tengnäs. Kila mti una mchoro wa jani, ua na tunda, na majina ya kienyeji, Kisukuma kikiwamo. Bibi asiyejua kusoma anatazama mchoro wa mkwaju na kuanza kueleza habari za bushishi, yaani ukwaju kwa Kisukuma, kabla mjukuu wake hajamaliza kutafuta jina.

Mkwaju ndio tunaouchora sasa. Ua lake wengi hawajawahi kulitazama kwa karibu: petali za njano hafifu zenye mishipa myekundu, tatu zinaonekana vizuri na mbili zimedumaa zikawa kama nyuzi. Yeyote anayetaka kujiunga na kazi hii, popote alipo, anahitaji penseli mbili, moja ngumu na moja laini, wembe, rula, kioo cha kukuzia na karatasi nzito isiyokunjamana ikipata maji. Kitawi kilekile ulichokichora kibane katikati ya magazeti makavu, uyabadilishe kila siku hadi kikauke, maana mchoro na sampuli vinategemeana. Hebaria ya taifa iko Arusha, na hapo ndipo mimea ya nchi hii inapotunzwa na kutambuliwa. Pembeni ya mchoro andika mahali, tarehe, mmea ulikuwa umeota kwenye mawe, mbuga au ukingo wa maji, rangi ya ua likiwa bichi, na jina ambalo wenyeji wanauita, pamoja na jina la mtu aliyekutajia.