Saa 48: haki ya mtu aliyekamatwa



Hapa Mutoshi, karibu na Kolwezi, vijana wengi wanaishi kwa kuchimba shaba na kobalti kwa mikono. Kijana akikamatwa, mama yake hukimbilia kwa mchungaji na kuuliza: «Tutoe pesa ngapi?» Tunapenda aanze na swali lingine: Katiba inasema nini?

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema wazi. Mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa, na aelezwe pia haki zake. Aruhusiwe kuwasiliana na jamaa yake au avoka wake. Asikae kasho zaidi ya saa 48. Muda huo ukiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakuu wa sheria. Na uzima wake, afya yake na heshima yake vilindwe.

Kifungu cha 17 kinaonyesha kwamba kila mtu hujibu kosa lake mwenyewe. Kumkamata mke au mdogo wa mtu aliyekimbia ni kinyume cha Katiba. Na kama shida ni deni kati ya mchimbaji na mnunuzi, kifungu cha 61 kinakataza kumfunga mtu kwa ajili ya deni, hata chini ya utawala wa kijeshi kama ule uliotangazwa Ituri na Kivu ya Kaskazini mwaka wa 2021.

Hatusemi kwamba vijana wetu hawakosi. Sheria ya madini inataka mchimbaji awe na karata na achimbe katika eneo lililotengwa. Aliyekosa ashitakiwe, lakini kwa kufuata sheria.

Wengine husema kudai haki si tabia ya Mkristo. Basi tusome Matendo ya Mitume 16. Paulo na Sila walipigwa na kufungwa Filipi bila kuhukumiwa. Kesho yake Paulo alikataa kutoka kimyakimya. Aliwakumbusha wakuu kwamba wao ni raia wa Roma.

Kwa hiyo, ndugu akikamatwa, andikeni saa aliyokamatwa. Waende watu wawili, pamoja na mzee wa kanisa. Waulize sababu kwa upole. Wasitoe pesa yoyote bila risiti. Na saa 48 zikipita, waende kwa mwendesha mashtaka wakiwa na karatasi ile.

Bwana awabariki.