Nyumba ya Buibui kwa Gharama Ndogo

Mwanafunzi atakaye kufuga buibui mkubwa mwenye manyoya asidhani ya kuwa lazima anunue sanduku la kioo. Chombo cha plastiki cha kuwekea unga, kionyeshacho ndani na chenye kifuniko cha kukaza, chatosha kabisa.

Tumtazame yule wa rangi ya machungwa au kijivu, aonekanaye Kenya na Tanzania, ambaye wataalamu humwita Pterinochilus murinus. Huyu hupenda kuchimba shimo. Basi mtilie udongo mkavu upite nusu ya chombo, na juu yake uache nafasi ndogo tu. Maana akianguka kutoka juu, tumbo lake laweza kupasuka akafa.

Kwa ajili ya hewa, toboa matundu ubavuni kwa msumari uliotiwa moto. Yawe madogo kuliko kichwa chake, kwa sababu kichwa kikipita, tumbo hufuata. Wavu wa waya haufai, kwani kucha zake hunasa humo. Maji mwekee katika kizibo cha chupa. Chombo kisikae juani, wala usiweke buibui wawili pamoja, mmoja asije akamla mwenziwe.

Lakini rahisi huvunja upishi. Kifuniko kilicholegea usikitumie hata ukipewa bure. Buibui huyu ana mbio na hasira, na akiuma maumivu yake ni makali. Usimshike kwa mkono. Na kila ukimaliza kumlisha, kabla hujaondoka, jaribu kifuniko tena. Wenzako wamelala karibu.