Ngoma Isimeze Maneno

Leo naomba ruhusa niyaweke kando mazungumzo ya bei ya unga na foleni za barabarani, nizungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni la vijana peke yao, lakini nikilitafakari naliona linatuhusu sote. Nalo ni kurekodi muziki nyumbani.

Sababu ni hii. Majuzi tulikuwa ukumbini kumuaga binti wa dada yangu anayeolewa. Kaka yake bibi harusi, yaani mpwa wangu, ni mwimbaji. Alikuwa amemtungia mama yake wimbo wa shukrani na kuurekodi mwenyewe chumbani kwake, kwa kompyuta yake na kipaza sauti alichokinunua kwa kudunduliza. Mshereheshaji akatangaza, watu wakanyamaza, wimbo ukapigwa. Mcheza kwao hutuzwa, na kweli vijana walisimama wakatuza, maana ngoma ilikuwa inatikisa viti. Dada yangu, aliyeketi mbele kabisa, akaniinamia sikioni akauliza: "Kaka, mwanangu anasema nini?"

Sikuwa na jibu. Mimi pia sikuwa nimesikia hata ubeti mmoja.

Ndugu wasikilizaji, kwetu sisi wimbo ni maneno. Mama anayeinuka kwenda kumtuza mwimbaji wa taarabu hainuki kwa sababu ya kinanda; anainuka kwa sababu amesikia neno lililomgusa, au neno ambalo angependa limguse jirani yake. Wimbo ambao maneno yake hayasikiki ni barua iliyolowa maji. Umeipokea, muhuri unauona, lakini habari imepotea.

Jumapili iliyofuata nikaenda chumbani kwa mpwa wangu. Nikamkuta na jibu tayari. "Mjomba, tatizo ni vifaa. Nikipata kipaza sauti cha bei mbaya, kazi imekwisha." Mimi nimekaa mbele ya vipaza sauti miaka mingi, na nimefanya kazi na mafundi mitambo waliokuwa na vifaa vichache kuliko alivyo navyo kijana huyu. Nikamwambia tuanze na tulivyo navyo.

Kwanza nilimwomba asimame katikati ya chumba apige kofi moja. Akapiga. Kofi likaacha mlio mwembamba nyuma yake, kama sarafu iliyoanguka sakafuni. Chumba kile ni cha kuta za saruji na sakafu ya vigae. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mita moja na nusu kutoka mdomoni, sauti huenda na kurudi katika muda ulio chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Sikio haliwezi kuutambua kama mwangwi, lakini kipaza sauti hunasa vyote viwili, neno na kivuli chake. Hapo ndipo maneno yanapopoteza ncha zake. Zipo programu siku hizi zinazoweza kupunguza kivuli hicho, lakini mara nyingi zinapokikwangua huondoka na nyama kidogo ya sauti yenyewe. Ni heri kukizuia kuliko kukifukuza.

"Lakini mjomba, nimeweka trei za mayai," akaniambia, akinionyesha ukuta. Hili nataka kulisema waziwazi, kwa sababu nimeona vyumba vingi vimepambwa hivyo. Trei ya mayai ni karatasi nyepesi. Inaweza kupunguza kidogo milio myembamba, lakini mlio mnene wa besi hupita kana kwamba hakuna kitu. Wala trei haizuii kelele za jirani. Kinachonywa sauti ni kitu laini, kinene na kizito. Kwa hiyo tulisimamisha godoro lake nyuma ya mahali anaposimama kuimba, tukatundika mablanketi mawili pembeni, yakiwa mbali kidogo na ukuta, na tukaacha kabati la nguo wazi. Kwa nini godoro liwe nyuma ya mwimbaji? Kwa sababu vipaza sauti vingi vya kuimbia husikia zaidi upande wa mbele. Kinamtazama mwimbaji, na kinasikia pia ukuta ulio mgongoni kwake.

Kisha tukazima feni. Najua joto la Dar es Salaam, lakini mvumo wa feni ukishaingia katika wimbo unakaa humo. Tukasubiri pia bodaboda zipungue. Mvua ya juu ya bati haina dawa. Ikinyesha, pumzika, tunga ubeti mwingine.

Jambo la pili lilikuwa umbali. Mpwa wangu alikuwa anakimeza kipaza sauti kama wanavyofanya waimbaji jukwaani. Vipaza sauti vya aina hii vina tabia moja: kadiri mdomo unavyokaribia, ndivyo besi ya sauti inavyovimba. Mtangazaji wa usiku huitumia tabia hiyo ili asikike mwenye sauti nzito. Lakini katika wimbo wenye ngoma nene, uvimbe huo ni balaa. Nikampimia shubiri moja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho. Halafu tukavuta soksi nyembamba ya nailoni juu ya duara la waya, tukaiweka kati ya mdomo na kipaza sauti, ili pumzi ya herufi kama "p" na "b" isipige kama kofi. Wimbo wa mama hauwezi kukosa maneno kama penzi, pole na baraka.

La tatu ni kiwango cha sauti wakati wa kurekodi. Enzi za utepe, mshale ukizidi kidogo ndani ya eneo jekundu, utepe ulivumilia, ukailainisha sauti. Kompyuta haina uvumilivu huo. Ina dari inayoitwa sifuri, na kila kinachozidi dari hukatwa kwa panga. Kwa hiyo acha nafasi. Mwimbaji anapopaza sauti kwa nguvu zote, kipimo kiishie desibeli kumi hivi chini ya sifuri. Sauti ndogo iliyo safi unaweza kuipandisha baadaye. Sauti iliyokatwa haiungwi ikawa kama zamani.

Sasa tukaja kwenye kesi yenyewe, yaani ngoma.

Ngoma hizi za elektroniki zina historia. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine iitwayo TR-808. Mashine hiyo haikuwa na sauti ya ngoma halisi iliyorekodiwa. Milio yake ilitengenezwa na saketi za umeme, na ngoma yake kubwa, ambayo vijana huiita kiki, ilikuwa na kitufe cha kurefusha mkia wa mlio. Mwaka huohuo Mmarekani Roger Linn alitoa mashine yake, LM-1, ambayo ndani yake ilikuwa na milio ya ngoma za kweli. Roland waliacha kutengeneza 808 mwaka 1983, lakini mlio wake haukufa. Leo umo katika kompyuta na simu, na kijana wa mtaani anaupata bure.

Kwa nini basi ngoma hii humeza maneno? Sauti hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kiki ya elektroniki hukaa zaidi kati ya hezi 50 na 100. Sauti ya mwanamume anapozungumza ina msingi wake kuanzia kiasi cha hezi 85 hadi 180, na ya mwanamke kuanzia kiasi cha 165 hadi 255. Hapo chini wamekutana mlangoni. Huko juu nako, herufi zinazotufanya tutofautishe neno na neno, kama "s", "sh" na "t", zina nguvu kubwa kati ya hezi 4,000 na 8,000, na huko ndiko wanakokaa matoazi yanayolia tsi-tsi-tsi bila kupumzika. Mwimbaji amebanwa juu na chini.

Mpwa wangu alikuwa amejaribu dawa ambayo wengi huijaribu. Aliona sauti haisikiki, akaipandisha. Akaona ngoma imefifia, akaipandisha nayo. Ni kama majirani wawili wanaoshindana kwa redio: mwisho wa yote mtaa mzima haulali, na hakuna anayesikia taarifa ya habari. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Dawa ni kuwagawia mazizi.

Tukaanza na sauti. Kila kilichokuwa chini ya hezi 90 hivi katika sauti ya mwimbaji tukakikata, kwa sababu huko hakuna neno, kuna mtikisiko wa sakafu na pumzi tu. Zizi hilo tukaiachia kiki. Matoazi tukayapunguza, tukayasogeza kidogo upande mmoja wa stirio, tukaiacha sauti katikati peke yake.

Halafu tukaugeukia mkia wa kiki. Hapa hesabu ndogo inasaidia. Wimbo ukienda kwa mapigo 100 kwa dakika, kuna sekunde 0.6 kati ya pigo na pigo. Ukienda kwa mapigo 200, kama zinavyokwenda nyimbo nyingi za singeli na hata kupita hapo, zinabaki sekunde 0.3 tu. Kiki yenye mkia wa nusu sekunde katika mwendo huo haimalizi kulia kabla mwenzake hajaingia. Milio inapandana, inakuwa ukungu mmoja usiokatika. Mpwa wangu alikuwa ameweka mkia mrefu kwa sababu ni mtamu. Tukaufupisha. Ajabu ni kwamba kiki ilionekana kupata nguvu zaidi, kwa kuwa sasa kulikuwa na kimya kati ya pigo na pigo.

Tukagusa na nguvu za mapigo. Kompyuta, usipoiambia vinginevyo, hupiga kila pigo kwa nguvu ileile. Mpiga ngoma wa kweli hana mkono wa namna hiyo. Pigo moja hukaza, jingine hulegea, na ndiyo maana mwili unataka kucheza. Tukapunguza mapigo mengine, tukabakiza machache yenye nguvu. Na katika mstari anaomtaja mama yake, nikamshauri aondoe kiki kabisa kwa mapigo manne. Alisitasita. Alipoiondoa, akanyamaza, akaurudia mstari ule mara tatu.

Kuna chombo kingine kiitwacho kompresa. Zamani, fundi mitambo alikaa na kidole juu ya kitufe. Mwimbaji akipaza, anashusha, akinong'ona, anapandisha. Kompresa ni kidole hicho. Ukiiweka kwa uwiano wa tatu kwa moja, sauti iliyozidi mpaka uliouweka kwa desibeli sita itatoka imezidi kwa desibeli mbili tu. Hivyo neno la mwisho wa mstari, ambalo mara nyingi hufifia kwa kukosa pumzi, unaweza kulipandisha likasikika. Lakini isizidi, maana ikizidi mwimbaji husikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Mwangwi wa kutengeneza nao uwe kama chumvi: ukiuonja waziwazi, umezidi.

Nikamuuliza, wakati wa kuchanganya wimbo ulisikiliza kwa spika gani? Akanionyesha spika mbili ndogo za mezani. Nikaelewa yaliyotokea ukumbini. Spika ndogo kama zile hazina uwezo wa kutoa besi ya chini. Yeye hakuisikia, akadhani haipo, akaiongeza, akaongeza tena. Ukumbini kulikuwa na masanduku makubwa, yakatoa kila kilichowekwa. Kwa hiyo wimbo usikilizwe kwa simu, kwa redio ndogo, kwa spika za masikioni na ndani ya gari la mtu kabla haujaitwa umekamilika. Uulinganishe pia na wimbo mwingine unaoufahamu vizuri, vyote viwili kwa sauti sawa, kwa kuwa wimbo unaopigwa kwa sauti kubwa zaidi hudanganya sikio kwamba ndio mzuri zaidi.

Na kipimo cha mwisho hakiuzwi dukani. Mtafute mtu mzima ambaye hajui maneno ya wimbo huo. Mpigie mara moja, kisha mwombe akwambie umesema nini. Wewe mwenyewe huwezi kuwa shahidi, kwa sababu unayajua maneno kwa moyo, na sikio lako hujaza yaliyokosekana.

Sisi shahidi tulikuwa naye. Jioni ile mpwa wangu aliimba upya, mara tano, tukachagua iliyo bora. Siku chache baadaye tukampelekea dada yangu, tukamwekea wimbo kwa simu, jikoni kwake. Alisikiliza huku amesimama, mwiko mkononi. Ulipofika ubeti wa pili, akainua mkono.

"Simamisha hapo," akasema. "Mbona anasema niliuza vitumbua miaka sita? Ilikuwa tisa."

Mpwa wangu akanitazama. Nikamwambia arudi chumbani, asimamishe godoro, aurekodi ubeti ule tena.

Ndugu wasikilizaji, kwa leo naishia hapa. Tuonane wiki ijayo.