Ganzi Ipi Baada ya Kisu?
Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, saratani ya mlango wa kizazi iliwapata wanawake wapatao 10,000 nchini Tanzania, na zaidi ya 6,000 walifariki. Wanaogundulika mapema, pamoja na wengi wenye saratani ya ovari au ya mfuko wa uzazi, hutibiwa kwa upasuaji mkubwa: tumbo hupasuliwa kwa wima, mara nyingi kuanzia juu ya kitovu hadi kinenani, kizazi kikatolewa na pengine matezi ya nyonga pia. Mwanamke wa Kondoa, Mpwapwa au Manyoni anayepewa rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, huuliza kama atapona. Ni nadra kuuliza atatulizwa vipi maumivu ya siku za mwanzo. Hata hivyo, asiyeweza kukohoa kwa maumivu hubaki na makohozi mapafuni, na asiyeinuka kitandani huweza kuganda damu miguuni, hatari ambayo saratani yenyewe imekwisha kuiongeza.

Njia za ganzi zinazoshindanishwa ni tatu. Epidyurali ni mrija mwembamba unaoachwa mgongoni ili dawa iingie kwa siku kadhaa. Kwa kutuliza maumivu ya mgonjwa anayekohoa au kugeuka, ushahidi wa miaka mingi unaiweka mbele. Lakini hushusha presha, huweza kulegeza miguu, na mrija ukihama kidogo mgonjwa huamka na maumivu yote. Ya pili ni sindano moja ya mgongoni yenye morfini kidogo sana, miligramu 0.1 hadi 0.2, inayotuliza kwa takriban siku nzima. Ya tatu ni ganzi ya ukuta wa tumbo, ambayo daktari Rafi aliieleza mwaka 2001: dawa hupenyezwa kati ya misuli inakopita mishipa ya fahamu. Hii hutuliza mshono, si maumivu ya ndani ya nyonga. Tafiti za wanawake waliojifungua kwa upasuaji zinaonyesha kwamba aliyepata morfini ya mgongoni hafaidiki sana akiongezewa ganzi hiyo, ilhali aliyekosa morfini hiyo hufaidika. Mkato wao ni mdogo kuliko wa saratani, kwa hiyo ushahidi huo tuutumie kwa tahadhari.

Kwa maoni yangu, kipimo cha haki ni wodi ilivyo saa nane usiku. Epidyurali isiyo na mtu wa kupima presha na kurekebisha dawa si bora kuliko sindano moja iliyochomwa vizuri, ikisindikizwa na parasetamoli kwa saa maalumu, na diklofenaki pale figo zinaporuhusu. Atakayesema kwamba nawapangia wanawake wa kanda ya kati huduma ya daraja la pili, namjibu kwamba hata miongozo mipya ya kimataifa haiihesabu tena epidyurali kuwa lazima kwa kila mgonjwa. Ibaki kwa wachache wanaoihitaji, penye wauguzi wa kutosha.

Pingamizi zito zaidi linahusu morfini yenyewe: hupunguza kasi ya kupumua, tena saa nyingi baada ya sindano, ndugu wakiwa wamekwisha kuondoka. Ni kweli, ndiyo maana pumzi zihesabiwe kila saa hadi siku ya pili, na naloksoni, dawa inayoizima morfini, iwe karibu. Pasipo uangalizi huo, ganzi ya ukuta wa tumbo ndiyo salama zaidi; isipokuwapo ultrasaundi, daktari mpasuaji anaweza kuchoma dawa kandokando ya mshono kabla ya kufunga. Hofu kwamba dozi moja itamfanya mama teja haina msingi, na kumwambia avumilie kwa kuwa alishavumilia uzazi ni kumnyima tiba. Fedha zikipatikana, zianze kwa muuguzi wa pili wa zamu ya usiku na vipima oksijeni vya kidoleni, kisha ndipo zinunuliwe pampu za epidyurali.